Kamba I Wapi

Mjomba Shekuwe alitengeneza mizani
nyuma ya Marikiti, kibandani mwenye upana wa mlango,
miaka thelathini na minne.
Za vikombe vya shaba, za springi,
na mawe ya kilo. Limo moja lililotobolewa chini
na muuza iliki, likajazwa nta.
Alilijua kwa kiganja tu.
Alimrudishia mwenyewe bila neno,
mwenyewe akalipokea akitazama pembeni.

Mtu aliyeshika uzito wa watu hivyo
hana budi kuuliza watoka wapi.

"Nchi haivuti," aliniambia,
nami nimetoka chuo juzi na shahada ya fizikia.
"Punda huvuta mkokoteni kwa kamba.
Kamba ya nchi i wapi? Nionya."
Nikamwonyesha milinganyo.
Akaipindua karatasi, akatazama nyuma yake.
"Hapa hapana kamba."

Wahenga, alisema, walikuwa na hadhari:
mpanda ngazi hushuka.
Hawakutaja nani humshusha.

Alfajiri moja akanipeleka Likoni.
"Simama hapo."
Lango la feri likafunguliwa, umati ukaja:
beseni la mahamri, baskeli yenye jogoo,
wanafunzi, magunia, kikohozi.
Nikabanwa na mfanyakazi mmoja wa bandari,
bega kwa bega, hata nikasikia
redio iliyokuwa mfukoni mwake.
"Je, mwavutana?" Mjomba akapaza sauti toka relini.
"Hatujuani!"
"Basi! Yeye akukinga upande wake,
wewe wamkinga wako,
kwingine kote mwasukumwa.
Jua na nchi ni vivyo hivyo.
Anga si tupu, mwanangu. Anga ni feri ya asubuhi."

Yule bwana wa bandari akacheka, akashuka ng'ambo.

Nilikuwa na jibu, nikalitoa kwa ukali, mbele ya wateja:
anga lingesukuma hivyo, nchi ingechoka kuzunguka,
ingekwenda kama mtu apitaye sokoni mkesha wa Idi,
tena ingeungua kwa msuguano.
Kisha nikamletea kitanda cha bibi, kile cha kamba.
Bibi akikaa katikati, sisi watoto
twaviringika hadi mapajani mwake.
Hakutuvuta. Hakuna aliyetusukuma.
Mahali penyewe pamebonyea.
"Na kamba ndizo hizo," nikasema, nikajiona mshindi.

Mjomba alikuwa akipangusa kikombe kwa ndimu na jivu.
Alipangusa mpaka kikang'aa.
"Na bibi," akauliza,
"ni nini kilichombonyeza kitandani?"

Hadi leo sijamjibu.

Alipofunga kibanda, magoti yamekataa,
alinipa daftari la kurasa mia, jalada la bluu.
Miaka kumi na mmoja, jiwe moja, springi moja.
Alitaka kuona kama ukuta mnene
humkinga mtu na msukumo wa anga,
jiwe likawa jepesi hata kwa punje ya mtama.
Chini ya kuta za Ngome: sawa.
Ndani ya kisima kikavu cha jirani, Kuze: sawa.
Chini ya daraja la Nyali, malori yakipita juu: sawa.
Sawa, sawa, sawa,
kwa kalamu ya risasi iliyochongwa kwa kisu.

Ukurasa wa sitini na mbili, pale kisimani tena:
*pungufu kidogo.*
Mwandiko umekimbia, herufi zimepandana.
Naona alivyotoka kisimani, mikono ina tope,
hakumngoja mtu wa kumwambia.
Chini yake, siku tatu baadaye, kwa wino,
ameukata mstari kwa rula:
*Springi imelegea. Si ushahidi.*

Springi ile ninayo. Imetundikwa dirishani,
haina kitu, lakini mshale wake
umesimama juu kidogo ya sufuri.
Wanafunzi huniuliza yapima nini.
Nawaambia waangalie wenyewe,
waandike.