Maweni

Hospitali inaitwa Maweni, na kazi yangu mimi ni mawe.
Watu hucheka. Nilishazoea.

Chumba cha mwisho, nyuma ya stoo ya dawa,
nafuga seli za figo kama mwingine afugavyo kuku:
asubuhi naziamkia, nazibadilishia maji,
maji mekundu kama juisi ya rosela;
yakigeuka njano najua zimekula, zinadai tena.
Si za mtu. Ni za mbwa mmoja wa nchi ya mbali
aliyekufa kabla mama yangu hajazaliwa.
Mbwa kaoza. Figo yake inaendelea kugawanyika Kigoma.

Zinajipanga sakafuni mwa chupa, bega kwa bega,
kama vigae, bila upenyo.
Siku ya tano au ya sita, chini ya darubini,
sakafu inaanza kufura.
Hapa tumbo, pale tumbo, chapati juu ya kikaango.
Mara ya kwanza nilidhani nimeziua.
Kumbe zipo kazini: zinachota chumvi juu,
zinaishusha chini, na maji yanaifuata chumvi
kama mtoto amfuatavyo mama sokoni,
hadi mzigo zilizouvusha unazinyanyua zenyewe.
Hakuna mwili. Hakuna kibofu. Hakuna wa kuzilipa.
Zinavusha tu.

Baba naye alikuwa mtu wa chumvi. Uvinza,
miaka ishirini na mitatu mbele ya tanuri,
Ruhomvya wa zamu ya usiku,
jasho likimkauka kabla halijadondoka.
Maji ya kunywa aliyaita usumbufu:
nikinywa nitakojoa, nikikojoa moto nani atautazama?
Jiwe lilipoanza kumshuka alikumbatia nguzo ya mlango
akamwita mama yake, mtu mzima yule,
na mama yake alishazikwa.
Alilitunza ndani ya kiberiti. Punje ya mtama,
yenye miba.
Nilikuwa darasa la sita. Nilikitikisa kiberiti sikioni
nikasikia kitu. Mpaka leo nakiandika ripoti.

Namwaga fuwele za oksaleti juu ya seli,
nasubiri, nasuuza, nahesabu zilizobaki.
Penye seli nzima fuwele huteleza, zikaenda zake.
Penye mkwaruzo hukaa,
zikaanza kuita wenzao.
Niliandika daftarini: penye jeraha ndipo jiwe hupanga chumba.
Daktari Ntakije akaikata kwa wino mwekundu,
pembeni akauliza: Ngapi?

Mia nne na kumi na mbili.
Kwenye seli nzima, thelathini.
Sentensi yangu sikuifuta.

Juzi umeme ulikatika saa nane usiku.
Bigirwa wa getini alinipigia: Dada, watoto wako wanapoa.
Nikaja na bodaboda, khanga juu ya gauni la kulalia.
Jenereta lipo, dizeli haipo.
Nikazikaza chupa vifuniko, nikazifunga kiunoni kwa nyuma,
mbili kulia, mbili kushoto,
nikakaa wima kwenye stuli hadi alfajiri
nikizipa joto la figo zangu
ambazo sijawahi kuziona, wala kuzibadilishia maji kwa wakati.

Bigirwa aliniletea jagi.
Nilikunywa lote, bila kiu,
kwa ajili ya mtu aliyekataa.