Bildi

Kila Septemba, maji yakishapungua,
Orosia Lanuza hupiga kasia hadi katikati ya bwawa.
Ofisi imempa chombo kinachopima kwa mwangwi.
Hukitumia, huandika namba zake,
kisha hushusha bildi hata hivyo,
mkono nao upate kujua.

Mita ishirini na sita.
Mwaka jana, ishirini na nane.
Sakafu inapanda kumlaki.

Huko chini palikuwa na kinu cha babu yake,
paa la mawe, njia ya punda, mti wa lozi.
Maji yalipokuja yalivifunika tu;
mtu aliweza kusema: vipo, vimelowa.
Tope ndilo lililovizika.
Haba na haba. Wahenga walikisifu kibaba,
hawakuuliza kikishajaa, maji yakae wapi.

Mto hutoka milimani na unga wa chokaa,
sindano za misonobari, ukingo uliokanyagwa na kondoo.
Ukifika kwenye maji yaliyosimama
husahau ulikokuwa ukienda,
hutua mzigo.

Mbali kusini, deltani, Cinta Fabregat hupima kwa hatua:
kutoka tuta la mpunga hadi baharini.
Baba yake alihesabu mia nne.
Yeye hufika mia na kumi, viatu vimejaa chumvi.
Alituandikia barua ya mstari mmoja:
Hilo mnaloliita taka ni shamba langu.

Machi, theluji ikiyeyuka, wakubwa wakakubali.
Mimi ndiye niliyezungusha gurudumu.
Lango la chini lilikuwa na miaka kumi na tisa halijafunguliwa.
Likakwama. Likaguna.
Ikatangulia harufu, yai viza na kutu,
kisha mto mweusi, mzito kama uji.
Mitambo ilizimwa; mhasibu alihesabu hasara kwa saa.
Samaki walikufa, si wachache.
Mji wa kwanza ulifunga mabomba siku tatu, ukatulaani,
na Orosia hakujitetea.

Siku ya nne tulishuka kwa miguu.
Kinu hakikuonekana.
Palikuwa na mfereji tu, mto umejichongea
palepale ulipopita zamani, kona kwa kona.
Orosia alichota tope, akalifinyanga kidogo,
akalirudisha majini lijiendee.

Cinta hajaona kitu. Tumemwambia labda miaka,
labda mabwawa ya chini yatalimeza kwanza.
Kila asubuhi anahesabu.
Mia na kumi.
Mia na kumi.
Mia na tisa.