Bunduki ya Rangi

Mehul amezipanga tatu juu ya kaunta,
midomo yote ikinielekea,
nami nimesimama kama mtu anayeibiwa kwa hiari yake.
Hii elfu mbili na mia tano. Hii elfu tisa.
Hii (anafuta vidole kwenye shati kwanza)
elfu thelathini na moja, haina maongezi.

Naanza na ya katikati. Naipima mkononi
kama mtu apimavyo kuku sokoni: shingo, tumbo, uzito.
Kikombe kiko juu, rangi ishuke yenyewe;
si kama ile ya Obiero yenye kopo chini,
iliyonyonya rangi kama mtoto mgonjwa anyonyavyo uji,
nusu ikabaki, ikaganda, ikawa hasara.

"Nozeli?"
"Moja nukta nne."
Inafaa kwa rangi, na kwa laka ukiwa na subira.
Praima haitapita, itatema mate.
Ya praima ninayo, hiyo hiyo ya Obiero,
tundu lake limelika, limekuwa pana kama uvumi.

Naomba maji na kipande cha boksi.
Mehul anaguna, lakini kompresa anaiwasha.
Ya elfu mbili inachora mwezi ulioliwa upande mmoja.
Ya elfu tisa inachora samaki mwembamba,
kichwa na mkia vimelowa sawa.
Ya thelathini na moja sitaki kuijaribu.
Naijaribu.
Haikutoa maji, ilitoa pumzi.
Boksi likalowa bila kujua limeloweshwa saa ngapi,
na mkono wangu ukakataa kuirudisha.

Ila mashine hii hula hewa, na kompresa yangu kule Kibuye
ni kitangi cha lita hamsini, hukohoa kila dakika mbili.
Ni kumwalika mgeni wa biriani
kwenye nyumba yenye sufuria moja ya nyoyo.

Tena Kisumu hewa yenyewe ina maji.
Hupenya kwenye mpira, hutua juu ya rangi mbichi,
boneti nyeusi ikaota mtoto wa jicho.
Usiku wadudu wa ziwa huja kama moshi,
wakafia kwenye milango ya watu,
mbawa zimenyooka, kana kwamba wamelipwa.

"Mkono utembee, Adongo," Obiero alizoea kusema.
"Ukisimama, gari litalia."
Miaka ishirini na sita alipiga rangi
na leso ya mkewe mdomoni.
Mwaka jana, kule Russia (hospitali, si nchi)
daktari aliitundika picha ya kifua chake kwenye taa,
nami nikaitambua kazi yetu:
nukta, nukta, zimesambaa sawasawa,
hakuna chozi hata moja.
Mkono wa fundi.

Nina elfu kumi na tatu na mia nne, pesa za chama.
Ya elfu tisa tunavutana hadi nane na nusu.
"Na kichujio cha maji?" Elfu moja na mia moja.
"Na barakoa ile, ya vikopo viwili vya makaa?"
Mehul ananitazama. Wanawake huniulizia rangi ya kucha, anasema.
Elfu tatu na mia sita.
Inabaki mia mbili. Natembea.

Subaru ya mwalimu Nyangweso inangoja,
vioo vimevikwa magazeti, habari za wiki jana.
Navaa barakoa. Vijana wa gereji wanapiga kelele:
Adongo amekuwa nguruwe!
Navuta kifyatulio nusu, upepo. Navuta chote.
Shubiri moja kutoka kwenye bati,
pasi ya pili ikanyage nusu ya ile ya kwanza.

Miaka tisa nimeijua thina kabla ya chai.
Leo siisikii.
Nasikia pumzi tu, ikiingia, ikitoka,
na kompresa ikikohoa peke yake.

Kesho laka. Mapema, kabla ya wadudu.