Ukurasa wa Bi. Somoe

Nilianza na mlango, maana sote hapa huanza na mlango:
msaji, maua ya nakshi, kahawia iliyokolea,
nikautandaza juu kabisa ya Hesabu za Duka,
na chini yake herufi nyembamba kama uzi wa kofia,
kijivu juu ya nyeupe. Nikajipongeza.

Famau akautazama juani, pale gatini, simu mkononi:
"Umeandika, au umefuta?"

Nikakoleza wino.
Na kwa kuwa kwake nyekundu na kijani ni pacha,
pale nilipopaka rangi peke yake
nikaongeza neno: faida. Nikaongeza neno: hasara.
Neno halichuji.

Kisha Bi. Somoe, muuza achari wa Langoni,
asiyeona tangu surua ya utotoni,
alinipigia usiku, si kwa hasira, kwa kuchoka:
"Simu yanisomea: picha. Picha. Kitufe. Kitufe.
Kitufe cha nini, mwanangu?
Umenialika chuoni, ukanitia ghalani."

Asubuhi nikamfuata.
Toka Mkomani hadi dukani hakushika mkono wangu.
"Ndia naihesabu. Baraza ya kwanza, ubaridi wa birika la msikiti,
harufu ya mkate wa mofa, punda wa Kombo,
hapo nakata kushoto. Sisomi kila jiwe."

Sisomi kila jiwe.
Nilirudi nikaubomoa ukurasa wote.
Kila somo likapata kichwa chake, kama pembe ya mtaa;
vitufe vikapewa majina, kama watoto:
Sikiliza somo. Rudi nyuma. Jibu swali la pili.
Video ya dakika arubaini nikaikata vipande vinane,
na maandishi chini, kwa wanaosikia kwa macho,
na kwa wenye bando la shilingi ishirini.

Picha ya mizani ilinishinda saa nzima.
"Mizani ya shaba." Haitoshi.
"Sahani ya kushoto ina ubuyu, imeshuka;
ya kulia ina jiwe la ratili."
Hapo nikalala.

Ijumaa akapiga tena. Amemaliza somo la tatu,
amegundua achari ya ndimu haijamlipa tangu Ramadhani.
"Lakini ule mlango wako wa juu," akasema,
"umenipa msaji, umenipa maua, umenipa hata jina la fundi.
Uko wazi, au umefungwa?"

Nikaifungua picha.
Sikuwa nimewahi kuangalia.