Mwanamke Mwenye Kiti

Kila Jumapili ya pili ya mwezi Gaetano Irrera
hutandaza meza yake karibu na kituo cha feri,
nami huwahi kabla hajamaliza kahawa,
maana akishaimaliza bei hupanda.
Nauliza: una Messina? Anajibu: Messina ipi,
iliyosimama au iliyolala?
Ananijua. Anavuta sanduku la viatu.

Miaka kumi na tisa naokota mji wangu kipande kwa kipande,
kila kipande ukubwa wa kiganja,
rangi ya chai iliyosahauliwa mezani.
Kanisa lisilo na paa. Ngazi zinazopanda kwenda kwa nani.
Mabaharia wa Kirusi wamebeba mlango, juu ya mlango mtu.
Kitanda cha chuma kinaning'inia ghorofa ya tatu,
shuka bado limechomekwa.

Na ile ya bandarini, ambayo kila mkusanyaji anayo:
safu ya majumba yanayotazama bahari,
nguzo kwa nguzo, dirisha kwa dirisha, mazima,
mpaka utambue kwamba kila dirisha lina mbingu ndani yake.
Nyuma hamna kitu.
Mji ulibakiwa na uso.

Ilikuwa alfajiri, Desemba, mwaka wa nane wa karne ile.
Ardhi. Halafu maji. Halafu moto.
Halafu, jivu halijapoa, wapiga picha
na vyombo vyao vya miguu mitatu.

Mwanzoni niliwachukia.
Kisha nikajifunza kuzigeuza kadi.
"Nimefika salama. Mwambie Clotilde supu ya melini ilizidi chumvi."
"Pole na jino. Huku mvua."
"Usiuze mbuzi mpaka nirudi."
Upande huu maiti wasiohesabika, upande ule mbuzi,
na muhuri wa posta umegongwa katikati, wima,
kwa mkono usiotetemeka.

Mimi naitwa Letteria. Huku si jina la ajabu:
mji wetu unasadiki kwamba hapo kale Bikira Maria
aliuandikia barua, akaifunga kwa unywele wake,
basi wasichana tukaitwa Barua, nusu ya darasa.
Nyanya yangu, Barua mwenzangu, alizaliwa katika kibanda cha mbao
kilichojengwa kikae miezi sita.
Alifia humohumo, ana miaka themanini na miwili.

Sasa, namba 214.
Mtaa umefukiwa. Kushoto, pembeni kabisa,
mwanamke amesimama, ameshika kiti cha jikoni kwa mgongo wake,
kama mtu anayemkaribisha mgeni.
Sura haisomeki. Alitikisika picha ikipigwa,
au ni yeye tu aliyekuwa hajaacha kutetemeka.

Miaka mingi baadaye nikaipata tena, chapa ya kiwanda kingine:
mtaa uleule, kifusi kilekile, jiwe kwa jiwe.
Mwanamke hayupo.
Pale alipokuwa pana moshi, moshi wa brashi, nadhifu,
unaopeperuka kinyume cha moshi mwingine wote.
Nadhani mchapaji aliona anamharibia picha.
Lakini alisahau mguu mmoja wa kiti.
Utahitaji kioo cha kukuzia na mchana wenye jua.
Upo.

Nimezibandika ukurasa mmoja, zitazamane.
Gaetano ameshaomba mara tatu nimuuzie hiyo jozi,
na mara ya tatu alitaja pesa ya kubadilisha paa.

Januari akanitolea nakala nyingine, yenye mwanamke,
mgongo wake mweupe, haujawahi kuandikwa.
"Usiiguse kwa kalamu," akasema. "Tupu ndiyo ya bei."
Nikaishika feri nzima, kwenda ng'ambo ya mlango-bahari na kurudi,
bila kushuka, magoti yangu yakinguruma pamoja na injini.
Kisha nikaazima kalamu kwa mkata tiketi.

*Bibi, ulikuwa umemshikia nani kiti?*

Kwenye anwani nikakwama.
Nimebandika stempu tu.