Kadi Arobaini

Nimepewa kalamu kwa sababu mwandiko wangu unasomeka.
Kadi arobaini, gundi, na agizo la mchungaji:
jina, kitu, kimetengenezwa kwa nini, bei.
Usirefushe, mwalimu. Wageni wana boti ya saa tisa.

Ukumbi ni wa kanisa; ukuta wa nne ni turubai.
Upepo ukija, turubai linavuta pumzi.
Likiitoa, kila kilichotundikwa kinatikisika
kama darasa langu nikigeuka kuandika ubaoni.

Kadi ya kwanza. Siosaia Vaipulu. Samaki sita.
Bati. Ni paa la shule yangu,
aliliokota likiwa limejikunja juu ya mnazi.
Matundu ya misumari hakuyaziba:
kila tundu ni jicho.
Andika, ananiambia, paanga thelathini kwa samaki.
Lilishindwa kutukinga mvua,
basi litununulie unga.

Kadi ya tano. Pesalili, miaka kumi na tisa.
Nyuso kumi na mbili kwenye mbao za kitanda.
Kidole kimoja hakivunji chawa, tunasema wakubwa,
lakini chake kimezichora zote.
Namuuliza: niandike rangi ya kijivu, au majivu?
Ananitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mamaye.

Majivu.

Yaleyale yaliyofanya adhuhuri kuwa usiku,
tuliyoyakohoa, tuliyoyachota matangini kwa vikombe,
kabla bahari haijapanda kuja kuosha,
ikaosha na tusivyotaka vioshwe.

Nikafika kwenye nguo.

Nguo ya gome la mforsadi haisomwi ikiwa imekunjwa.
Tukaikunjua wanne, magoti chini:
ikaanzia mimbarini, ikapita viti,
ikatoka mlangoni, ikalala kwenye nyasi mpya.
Zamani walikuwa wanawake tisa kwenye gogo moja.
Tuliamka kwa nyundo zao,
na kijiji kizima kilijua kwa sikio
nani ana homa leo, nani kagombana na mumewe,
nyundo ya nani imechelewa.
Sasa wako wanne. Wawili wako makaburini kule juu.
Watatu wako Auckland, wanasafisha ofisi
saa ambazo wenye ofisi wamelala.

Kila mmoja alikuwa na hatua zake za kupaka,
kwa rangi ya magome ya mkoko, kwa mkono wake.
Na Kalolaine hakukubali ziunganishwe.
Panapohusika mtu asiyekuwepo, pameachwa peupe.
Peupe mara tano.

Mgeni mmoja, mpole, kofia mkononi,
akauliza kama anaweza kukatiwa
kile kipande kilichokamilika.
Kalolaine alicheka hadi akakaa chini.
Sikutafsiri kicheko. Nilisema tu, hapana.

Peupe pa nne, karibu na mlango,
ni pa mama yangu.
Jana usiku alinipigia, ndoo ikigonga nyuma yake:
Nimesikia mnanitangaza.
Msiniweke na marehemu, tafadhali.
Mimi nimetoka kidogo tu.

Mwaka wa pili huu, hicho kidogo.

Saa nane na nusu. Mchungaji anatazama saa,
boti inatazama maji, mimi natazama kadi.
Samaki wanne wamenunuliwa.
Uso mmoja wa majivu umefungwa kwenye taulo,
utapanda ndege, utatundikwa sebuleni kwa watu
wasiojua kukohoa kwetu.
Na iwe hivyo. Pesalili anahesabu noti mara ya tatu,
anatabasamu mara ya kwanza.

Jina: naandika yote tisa, kwa herufi ndogo, yatoshe.
Kitu: nguo.
Kimetengenezwa kwa: gome, mkoko, wanga wa muhogo.
Bei.

Kalamu inasimama. Turubai linavuta pumzi.
Kisha mwandiko wangu, ule unaosomeka, unaandika:
Haijakauka.

Yule mgeni anainama, anasoma, anagusa kwa ncha ya kidole,
pole pole, pale peupe karibu na mlango.
Mbona ni kavu? anauliza.

Gusa tena, namwambia.