Upande Gani

Mama hakuwa na daftari.
Pale Mwaloni, Kirumba, alikopesha dagaa kwa ndoo, kwa gunia,
na kila shilingi ililala kichwani mwake
kama kuku ajuavyo mayai yake.
"Bugumba wa Sengerema: elfu arobaini na mbili.
Yule mrefu wa Geita: gunia na nusu,
na uongo wake juu."

Kichwa kilipoanza kuvuja hatukusikia tone.
Alilipa ushuru wa meza mara tatu mwezi mmoja.
Wa ushuru alipokea mara tatu,
akashukuru mara tatu.

Wadaiwa walijua kabla ya daktari.
Walikuja kumjulia hali, wakainama,
wakauliza taratibu, "Mama Nkwimba, wanifahamu?"
Akijibu hapana
walitoka wepesi, kama waliotua mzigo.

Sasa daftari ninalo mimi.
Bugando, picha ya kichwa: kalamu iligoma kuandika bei.
Nepi za watu wazima, duka ni moja tu Makoroboi,
na mwenye duka anajua ni moja tu.
Kitasa. Kitasa cha pili.
Bodaboda wawili, kumtafuta hadi Igombe,
kumbe yuko nyuma ya choo chetu
ameanika mchanga juani,
anaugeuza kwa vidole, usije ukaoza.

Msichana wa kusaidia: siku tisa.
"Dada, hii si kazi, hizi ni kazi tatu."
Nikamlipa, sikubishana.
Kaka Lugembe, Kahama: elfu ishirini
na sala ndefu kuliko elfu ishirini.

Mshahara wangu wa kiwandani, minofu, zamu ya usiku:
hapo nimeacha mstari mtupu.
Sijui pesa isiyokuja
huandikwa upande gani.

Karani wa kuhesabu kaya aliuliza kazi yangu.
Nikasema, nalala mlangoni.
Alinitazama kidogo, akaandika: hana kazi.

Jana jioni namkausha miguu,
akanishika mkono, akaupima kama anunuaye.
"We binti unafanya kazi vizuri.
Nani anakulipa?"
"Mama yangu."
Akacheka, kicheko kilekile cha Mwaloni,
kile cha kufungia bei.
"Mwambie aandike, mwanangu.
Watu husahau."